Severina na Mtoto Aliyesikia Mno

Ukimtaja Severina mbele ya watu tuliosoma nao ualimu Iringa, hakosi kutokea mmoja akakuambia, "Yule? Masomo yalimshinda, akarudi kulea watoto." Nimewasikia wakisema hivyo msibani, nimewasikia harusini, na mara moja ndani ya kanisa wakati padri hajatoka hata sakristia. Wananiudhi. Severina hakushindwa na masomo. Yuko Soweto, Mbeya, katika nyumba aliyoachiwa na dada yake, mstaafu wa ualimu wa watoto wadogo asiye na diploma, na mimi Evarista niliyelala naye chumba kimoja chuoni najua kwa nini hana.

Kwanza mjue sauti yake. Severina alilelewa kwa wajomba wafugaji, Wahehe wa milimani, na huko alipewa sauti ya kuitia ng'ombe walio bonde la pili. Akisema "Kamwene", salamu ya Kihehe, kwenye mlango wa bweni letu, bweni la jirani nalo linaitikia. Tulimtania kwamba akiungama dhambi zake, parokia nzima inazijua. Ndiyo maana huwa nashangaa kwamba mtu mwenye sauti ile ndiye aliyekuja kugundua alichogundua.

Kabla ya chuo alifundisha miaka miwili katika kituo cha watoto wadogo Igawa, pale barabara kuu ya Zambia inapokata tambarare za Usangu. Kijiji kilikuwa kipya. Watu walikuwa wamekusanywa pamoja, Wasangu, Wabena, na Wasukuma walioshuka na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Kituo kilikuwa banda la nyasi. Asubuhi akina mama waliacha watoto wao hapo, wengine wakaenda shamba la kijiji, wengine wakaenda barabarani kuwauzia madereva wa malori mchele na mahindi ya kuchoma.

Miongoni mwa watoto hao alikuwamo Nkuba, mtoto wa Helena, mama wa Kisukuma. Kwa Kisukuma nkuba ni radi, na kweli alizaliwa siku ya radi. Watoto wakubwa walipata la kutania: "Radi inakimbia mvua!" Kwa maana alikimbia kila kilicholia. Kengele ya kituo ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini, na ikigongwa, Nkuba anatoka mbio mpaka mashambani, viganja masikioni. Alikuwa na miaka kama mitano. Hakusema. Hakumtazama mtu usoni. Ukimpa punje za mahindi atazipanga mstari mmoja kutoka mlangoni hadi ukutani, na ole wako uuvuruge. Ukimwita jina, hageuki. Kijiji kizima kilikuwa na neno moja juu yake: hasikii.

Neno hilo limenichosha. Kiswahili chetu ni kizuri, lakini hapo kilituponza. Mtoto asiyesikia kwetu ni wa namna mbili, kiziwi au mkaidi. Kiziwi anaonewa huruma, mkaidi anachapwa. Na kwa kuwa Nkuba aliziba masikio hata lori likiwa bado halijaonekana, kila mtu alijua kwamba kiziwi siye. Basi akawa mkaidi. Mambo yaliamuliwa kirahisi namna hiyo, na watu wazima wenye akili zao.

Severina mwenyewe mwanzoni alimwita kwa sauti ile ya ng'ombe, mtoto akajificha chini ya mkokoteni akakataa kutoka hadi jioni. Halafu Severina akapata mafua makali, sauti ikakauka kabisa. Alifundisha kwa kunong'ona, akipunga mkono badala ya kugonga rimu. Watoto wengine walicheka. Nkuba akatoka kwenye kona yake, akaja, akaketi ubavuni mwake, akaegemeza kichwa kwenye kiuno chake. Severina ananisimulia habari hiyo mpaka leo.

Mafua yalipoisha, hakuirudisha sauti. Alifundisha kituo kizima kwa kunong'ona. Alimtengea Nkuba pembe yenye giza kidogo, akatandika majani makavu chini, akamruhusu avue ile sare ya kaki iliyokuwa inamkwaruza. Polepole Nkuba akaanza kunywa uji na wenzake. Akaanza kukaa. Siku moja alimshika Severina mkono akampeleka kuona mstari wake wa mahindi. Mnaweza kusema hilo ni dogo. Mama yake aliposikia alipiga magoti.

Siku hizi kuna neno, usonji. Mwaka sabini na sita halikuwapo. Lilikuwapo la Kiingereza, otizimu, na Severina alilikuta katika jarida kuukuu la waganga wa hospitali alilopewa na sista mmoja wa misheni. Alilisoma kwa kamusi. Mwaka huo huo akachaguliwa kwenda chuo, kilimani nje ya Iringa, na jina la chuo silitaji kwa sababu waliokuwapo wanajijua. Akaja na jarida lile chini ya nguo, na mada yake kichwani.

Mwaka wa pili kila mwanachuo alitakiwa kuandika tasnifu. Wengi wetu tulichukua mada zinazopita bila kelele: bustani ya shule, ufugaji wa kuku shuleni, michezo na ukakamavu. Mimi nilichukua bustani. Severina alikuwa na sababu ya kutochukua bustani, na sababu hiyo ilikuwa na jina na miguu miwili.

Likizo ya kwanza alikwenda Igawa akakuta maendeleo. Kituo kimehamia jengo jipya la matofali, limeezekwa mabati yaliyotoka Mbeya, yanang'aa hadi barabarani. Mkuu mpya wa kituo, Bwana Fanueli, alikuwa mtu nadhifu, mwenye bidii, aliyejua kazi moja tu ya mwalimu, nayo ni kunyoosha. Mvua ya Usangu ikipiga yale mabati, hata mtu mzima hasikii anachosema. Nkuba alikuwa anapiga mayowe mpaka anatapika. Kisha anachapwa kwa kupiga mayowe.

"Bwana Fanueli," Severina alimwambia, "lile banda la nyasi bado limesimama. Mwache akae kule mvua ikinyesha."

"Kule tunaweka majembe."

"Majembe hayaogopi mvua. Yaweke huku."

Fanueli alicheka, lakini hakuwa mtu wa kuvunja amri. "Dada Severina, mimi nafuata utaratibu. Mtoto huyu hasikii, na sikio la kufa halisikii dawa. Lakini chuo kikisema kwamba kuna utafiti hapa, kikanielekeza kumweka kwenye nyasi na kutomgusa, nitafanya. Niletee idhini ya chuo."

Basi mmeelewa. Mada ikipitishwa, Nkuba anahamia kwenye nyasi na fimbo inakoma. Mada isipopitishwa, anabaki chini ya mabati. Tasnifu ya kwetu sisi wengine ilikuwa karatasi. Ya Severina ilikuwa paa juu ya kichwa cha mtoto.

Mkufunzi wetu wa malezi aliitwa Mwalimu Timotheo. Sitasema alikuwa mtu mbaya. Aliimba kwaya, alitukopesha vitabu vyake mwenyewe, mkewe alitupikia chai. Ningemsamehe kwa urahisi zaidi angekuwa mbaya. Severina aliingia ofisini kwake na mada yake: "Mtoto Anayesikia Mno: Mazingira ya Darasa na Mtoto Mdogo Asiyesema." Mimi nilikuwa pale kwa ajili ya bustani yangu, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Anayesikia mno," alirudia Mwalimu Timotheo. "Si ulisema ukimwita haitiki?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi hasikii."

"Mwalimu, kwa Kiswahili tunasikia nini? Tunasikia sauti. Tunasikia harufu. Tunasikia baridi, tunasikia maumivu, tunasikia njaa. Mtoto huyu anavisikia vyote kwa wakati mmoja, na hana pa kuvitua. Jina lake linapotea humo ndani. Sisi tukiona hageuki tunasema hasikii."

Nilidhani hapo atapiga meza kwa furaha. Mimi mwenyewe nywele zilinisimama. Mwalimu Timotheo alivua miwani akaifuta.

"Umesema vizuri, binti. Lakini hayo ni maradhi ya Ulaya. Huku hatuna watoto wa namna hiyo."

"Tunaye mmoja, Mwalimu. Anaitwa Nkuba."

"Mmoja si mada. Taifa linataka kila mtoto aingie darasani, wewe unataka kuandika juu ya mmoja anayetoka? Nenda kafikirie bustani kama mwenzako Evarista."

Nilitamani ardhi inimeze, mimi na bustani yangu.

Alikwenda akaandika upya. "Watoto" badala ya "mtoto". Akarudishiwa. Safari hii kosa lilikuwa mabati. Alikuwa ameeleza kwamba paa la mabati lisilo na dari huwatesa watoto wa aina hiyo wakati wa mvua, na kwamba chumba kimoja cha nyasi kingetosha. Jambo hilo lilipelekwa kwenye kikao cha wakufunzi, naye akaitwa ajieleze.

"Ndugu Severina," aliuliza mmoja wao, "kijiji kimehangaika miaka miwili kupata mabati. Wewe unaandika kwamba mabati ni mabaya?"

"Sijasema ni mabaya. Nimesema yana kelele."

"Watoto warudi kwenye nyasi? Tulikotoka?"

"Mtoto mmoja, ndugu zangu. Mvua ikinyesha tu."

"Kumbe ni mmoja tena! Kwenye karatasi umeandika watoto."

Wakacheka. Watu wazima saba, wamevaa vizuri, wakacheka. Mimi nilikuwa nimesimama nje dirishani na wenzangu, nikaona shingo ya Severina inavimba, nikajua ile sauti inakuja. Ikaja. Aliwaambia kwamba yeye amekaa na mtoto yule na wao hawajakaa naye, na kwamba kama wana shida na neno mabati, basi waje Igawa mwezi wa pili wakae chini yake saa moja, halafu wayatafutie neno jingine. Ilisikika hadi jikoni. Kikao kikaandika kwamba mwanachuo hana nidhamu, na mada ikaahirishwa.

Kuahirishwa! Hawakusema hapana, maana hapana ina mwenyewe wa kulaumiwa. Walisema subiri. Muhula ukaisha, Krismasi ikapita, mvua zikaanza. Kila Severina akienda ofisini anaambiwa Mwalimu yuko semina, Mwalimu ana wageni, karatasi iko kwa mkuu, njoo wiki ijayo. Usiku nilikuwa namwona amekaa kitandani, blanketi mabegani, anasikiliza mvua ya Iringa. Haikuwa mvua ya kitu ukilinganisha na ya Usangu, lakini hapati usingizi. "Huko nako inanyesha," ananiambia.

Mwishowe alikubali kila kitu. Alifuta mabati akaandika "vifaa vya kuezekea". Alifuta nyasi akaandika "mazingira tulivu". Alifuta "anayesikia mno", neno lake mwenyewe lililokuwa na ukweli wote ndani yake, akaandika "wenye matatizo ya usikivu", maneno yasiyomuudhi mtu kwa sababu hayasemi kitu. Akaomba radhi kikao kwa sauti ndogo. Mwalimu Timotheo akatia sahihi, mkuu wa chuo akatia mhuri, na Mwalimu akampa mkono kwa furaha ya kweli kabisa.

"Unaona? Subira huvuta heri."

Ilikuwa mwisho wa mwezi wa pili. Tulipewa ruhusa ya kwenda kuanza utafiti, na kwa kuwa bustani yangu ilikuwa Nyololo, kwetu, tulipanda basi moja. Lakini Severina alikuwa na furaha mno hata nikaona haya kushuka. Bustani haikimbii. Nikaendelea naye. Njia nzima alikuwa ananieleza: rimu itashushwa, watapunga kitambaa, majembe yatahamishwa siku hiyo hiyo, atamwomba Helena ashone shati la kitambaa laini. Idhini aliikunja ndani ya kanga aliyojifunga kiunoni, kila mara anaigusa. Baada ya Makambako mbingu zikafunga, na tuliposhuka Igawa mvua ilikuwa inamwagika. Wauza mchele walikuwa wamejikunyata chini ya maturubai.

"Twende mbio," alisema. "Atakuwa anateseka sasa hivi."

Tukakimbia. Tulifika mlangoni tumelowa chapachapa. Mabati yalikuwa yananguruma hata nikaziba masikio mimi mwenyewe. Watoto walikuwa wameketi kwa safu, mikono imefumbatwa, na safu ya mbele, katikati, alikuwa Nkuba. Ametulia. Amevaa sare ya kaki. Hana mkono sikioni. Anatazama mlango, anatutazama sisi tulivyolowa, kisha akaangalia pembeni.

Mimi, mjinga, nilifurahi. Nilimshika Severina begani nikamwambia, "Ameshapona!"

Bwana Fanueli alikuja akicheka, akatupeleka barazani ambako angalau tungesikilizana. Helena mama yake Nkuba alikuwapo, amekuja kumchukua mtoto, akatushika mikono yote. "Mwalimu, umeona? Mtoto yangu ametulia. Hata mvua ikija, ametulia tu. Mungu mkubwa."

"Ilikuwaje?" Severina aliuliza.

"Nilimzibua," alisema Fanueli. Alisema bila kuficha, kama mtu anayeeleza dawa iliyofaa. "Siku moja mvua kubwa, amepiga mayowe mpaka darasa zima linalia. Nikaona huyu masikio yameziba kwa ukaidi. Nikamzibua kote kote, kushoto na kulia, kwa viganja. Akanyamaza. Kesho yake tena. Aliugua kidogo, homa, na masikio yakatoa usaha, bwana dawa wa zahanati akamtilia matone. Alipopona, mtoto mwingine kabisa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, dada. Huyu amesikia."

Mnajua tunavyosema wenyewe. Nitakuzibua! Mama anasema, mwalimu anasema, mimi nimesema. Zibua masikio ya mtoto ili asikie. Ni msemo. Na huyu bwana, mtu wa utaratibu, aliutekeleza, na hakuna aliyemzuia, kwa sababu ile karatasi iliyokuwa imzuie ilikuwa Iringa inafutwafutwa maneno.

Severina alishuka kwenye mvua akaenda mtini, akaokota chuma cha kugongea rimu. Mvua ilikuwa inapungua. Nkuba alikuwa ametolewa nje na kupigishwa magoti barazani kuagana na mwalimu, mgongo wake umeelekea mti. Severina akaigonga rimu. Aliigonga kwa nguvu zake zote za Kihehe, mara nyingi, mpaka watu wakatoka majumbani. Watoto wote waligeuka. Nkuba alikuwa anapanga vijiti kwenye sakafu. Aliendelea kupanga.

Fanueli akasema, "Si nimekuambia? Haogopi tena."

Severina akadondosha chuma. Alikuja akapiga magoti mbele ya Helena kwenye tope. Niliisikia ile sauti yake kubwa ikitafuta namna ya kuwa ndogo.

"Mama Nkuba. Hakupona. Masikio yamekufa."

Helena alimtazama, kisha akamtazama mtoto. Ningeelewa kama asingeamini. Mtoto huyu hata zamani alikuwa haitiki akiitwa, ungejuaje? Lakini alikaa kitako pale pale, polepole, akaweka mkono mdomoni.

"Nikisaga mtama nilikuwa naimba," alisema. "Na yeye anavuma pamoja na mimi. Yeye hasemi, lakini anavuma. Tangu ile homa, naimba, havumi. Mimi nilidhani amekua."

Ile idhini ilikuwa bado kiunoni mwa Severina, imelowa. Hakumpa Fanueli, na mada ile hakuiandika kamwe, wala nyingine. Alibaki Igawa na mtoto, na chuo kikamfuta. Hayo ndiyo masomo yanayosemwa yalimshinda.

Bwana Fanueli alikuwa bado amesimama mlangoni, hajaelewa, anasubiri kushukuriwa. Helena akainuka. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, sijawahi kumsikia akimjibu mwalimu. Alimwendea mpaka karibu kabisa, akanyoosha mikono yote miwili mitupu mbele yake, kama anayepokea kitu.

"Mwalimu," alisema, "nirudishie yule wa kelele."